Pipa Nililolificha Nyuma ya Nyumba

Mimi ndiye niliyewaapia wavuvi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba rangi ninazotilia vitenge vyangu hazitafika tena ziwani. Nilifundishwa kwamba miani, ule utelezi wa kijani unaoota majini, hunyonya rangi ikipata jua na siku za kutosha. Nikaitia kwenye pipa la maji machafu, nikangoja. Asubuhi ya ukaguzi maji yalikuwa bado ya buluu, na mkubwa wa komine, yaani wilaya yetu, alishasema akiona rangi anafunga karakana yangu.

"Tuombe siku tatu, dada," alisema Zaituni, mwenzangu wa kazi.

Mimi na kuomba wapi! Nikalificha pipa lile nyuma ya nyumba, nikajaza jingine maji ya ziwani, nikatandaza miani kidogo juu.

Wakaja, mkubwa mbele, wavuvi nyuma. Nikachota glasi moja, nikampa mkubwa.

"Hii maji iko safi! Jana ilikuwa na rangi?"

"Buluu tupu, shefu. Miani imekula yote."

Zaituni akainamisha kichwa. Mvuvi mmoja mzee akaomba glasi, akaiinua juani, akaitazama mpaka jasho likaniteremka mgongoni. Akawapitishia wenzake mmoja mmoja, kisha ikarudi mkononi mwangu. Ndani, ndagala mchanga, dagaa wa ziwani, mwembamba kama sindano, alikuwa akiogelea.

"Na huyu, mama," mzee akaniuliza kwa upole, "jana alikuwa na rangi gani?"