Senta Hafu Aliyekimbia Mwenyewe

Golikipa huona kila kitu na hawezi kufanya lolote. Miaka ile ya Mwingereza nilisimama golini kwenye timu yetu ya Tunduma, na kaka yangu mkubwa alikuwa senta hafu. Mipira yote ilipitia kwake. Alitulia katikati, akatazama huku, akapiga kule, na pasi ikamkuta mtu mguuni. Mimi niliona hiyo ndiyo kazi yake. Yeye aliona senta hafu asiye na mbio ni nusu mchezaji, na watazamaji, wapenda kelele wale, walikuwa upande wake. Tulibishana mpaka mama akatishia kutunyima ugali.

Kisha akaja mtu wa mgodi mmoja wa shaba wa Kopabelti, ng'ambo ya mpaka, akitafuta mchezaji mmoja tu. Huko wachezaji walipewa kazi za juu, hawakushushwa shimoni. Baba yetu alishushwa, akarudi na kikohozi kilichomuua. Kaka alikwishaapa kwamba ataenda mgodini, kwa mpira au kwa sururu. Siku ya mechi mtu huyo alikaa pembeni kututazama.

Sisi tulicheza pekupeku, lakini mgodini walivaa viatu. Basi kaka akaazima njumu za mwalimu wa misheni. Zilimpwaya, akajaza matambara mbele.

"Kaka, leo usikimbie," nilimsihi. "Simama, gawa mipira."

"Mdogo wangu, mtu hatoki mbali hivyo kuja kumtazama aliyesimama."

Kipindi cha kwanza alinisikia. Aligawa mipira apendavyo, tukafunga mawili. Cha pili akauchukua mpira akaondoka nao mwenyewe. Akampita mmoja, akampita wa pili, uwanja mzima ukalipuka. Nilipiga kelele "Toa! Toa!" mpaka sauti ikanikauka. Nikiwa kule golini niliona njumu ikinasa ardhini. Mwili wake ukageuka, mguu ukabaki.

Tulimbeba nyumbani juu ya mlango tuliong'oa. Nilirudi mbio kwa mtu wa mgodi, nikamwomba amchukue hivyo hivyo akipona, hata kwa kazi ya kufagia. Akatikisa kichwa.

"Wakimbiaji ninao tele," alisema. "Huyu nilimtaka kwa zile pasi. Nilishaamua kabla ya mapumziko."

Nilimchukia kwa kutosema mapema. Namchukia mpaka leo, ingawa najua hakuwa na kosa.

Goti halikupona. Kaka aliishi miaka mingi kwa fimbo, akishona viatu vya watu barazani. Kila vijana wenye mpira walipopita, aliniuliza swali lilelile.

"Yule mtu aliniona nilivyokimbia?"

"Alikuona, kaka."

"Laiti ningeanza mapema! Kipindi kile cha kwanza nilikipoteza bure."

"Kweli, kaka," nilimjibu, kila mara.