Siku Nilipomfuta Bibi

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni tu, ila msinitazame. Mimi ni fundi kompyuta hapa Same mjini, kazi yangu kubwa ni kupiga windows na kusafisha virusi, na siku hiyo nilikuwa napanda Suji kwa wakwe, au niseme kwa waliokuwa karibu kuwa wakwe, maana posa yangu kwa Naelijwa ilikuwa imekwama. Baba yake, mzee Elinami, hakuwa na neno. Wadogo zake ndio walionikalia kooni, hasa baba mdogo Zefania, aliyesema mikono yangu laini kama ya bibi harusi, kijana wa kubonyeza vitufe atamlisha nini mtoto wao, hebu aje kwanza kwenye msaragambo tumwone.

Na msaragambo huko kwetu Upare si mchezo. Ndiva, lile bwawa la kunyweshea mashamba, likijaa tope kijiji kizima kinatoka na majembe, na asiyetoka anatozwa faini na kusemwa mpaka na wajukuu. Nikafika asubuhi. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu," akaitika mzee, na lile neno mwanangu likaniingia mpaka moyoni. Jembe nikapewa kabisa. Laiti ningelishika tu!

Sasa mezani kulikuwa na laptopu ya mzee, anayoitumia kwa kazi za kamati ya maji, imegoma kuwaka. Nikaona hapa hapa ndipo pa kukwepea (mimi na tope hatujawahi kupatana). "Baba, niache niitengeneze hii, nitawafuata huko huko."

"Jembe kwanza. Kompyuta haina miguu, utaikuta."

Nikang'ang'ana, nikajitapa kwamba ni kazi ndogo sana kwangu, akanitazama, kisha akaondoka na wenzake.

Ile mashine ilikuwa ya zamani na sikujua itakubali mfumo gani, nikaona dawa yake ni kutengeneza flashi moja yenye mifumo yote, windows ya zamani, windows mpya na linux, ukiwasha inakuletea menyu unachagua mwenyewe (na kusema kweli nilitaka pia wanione fundi). Mafaili ninayo, lakini flashi yangu ndogo, mfumo mmoja tu imejaa. Juu ya televisheni nikaona flashi kubwa imefungwa uzi mwekundu. Nikaichomeka, ndani kuna video moja tu. Nikataka kuinakili kwanza, laptopu yangu ikasema haina nafasi, na badala ya kufuta sinema zangu (sinema!) nikasema aah, hii itakuwa harusi ya watu tu, nakala haikosekani. Programu ikaniuliza, kila kitu kitafutika, una uhakika? Ndiyo. Ikauliza tena, kana kwamba inanijua. Ndiyo, bwana, ndiyo!

Ikakubali vizuri mno. Mashine ya mzee ikawaka, flashi nikairudisha mahali pake kwa adabu zote, kisha nikajinyoosha kwenye kochi nikalala. Huko ndivani sikwenda.

Waliporudi wamejaa tope, tukala makande uani, mzee akawaonyesha laptopu yake inawaka, na hata baba mdogo Zefania akatikisa kichwa, "Kumbe vitufe navyo vina kazi." Kichwa kikanivimba. Ndipo mzee akasimama.

"Ndugu zangu, msitawanyike. Kuna neno la marehemu mama, nililirekodi kabla hajatutoka. Simu yenyewe ilitumbukia majini, lakini neno nilikuwa nimelihamisha. Mlisikie kwa kinywa chake." Akaenda kwenye televisheni, akachukua flashi yenye uzi mwekundu.

Hapo ningesema, nanyi mngesema huyu ni mwanaume, lakini niliinamia sahani nikaendelea kutafuna makande. Televisheni ikasema hakuna kitu. "Jaribu kwenye ile aliyotengeneza mkwe wetu," akasema Zefania (mkwe wetu, mara ya kwanza tangu anijue, na ndiyo siku hiyo!). Mzee akaichomeka kwenye laptopu, akawasha, ikaja ile menyu yangu, mistari mitatu. Akavaa miwani, akaifuata kwa kidole.

"Mwanangu, hebu njoo. Mama yuko namba ngapi hapa?"

"Baba... hayupo."

"Hayupo, ameenda wapi?"

"Nimemfuta."

Mzee alivua miwani akakaa chini taratibu. Zefania ndiye aliyesema, "Jembe hukushika, mama yetu umemfuta. Leo umefanya kazi kweli kweli." Natamani angenipiga.

Naelijwa alinisindikiza hadi barabarani, analia kwa hasira. "Unajua bibi alisema nini mle? Alisema, huyu kijana anayenitengenezea redio kila akija, msimsumbue, mpeni mtoto. Baba akisema yeye, wanasema umemhonga. Alitaka wamsikie bibi. Sasa atasema nani?"

Nilijaribu kila programu ya kurudisha mafaili, nikaipeleka mpaka kwa mafundi Moshi. Wapi! Mifumo yangu mitatu ilikuwa imemkalia bibi juu.

Flashi mzee aliniachia, hakutaka kuiona tena. Inafanya kazi vizuri ajabu, hakuna mashine inayoikataa, na hilo ndilo linalonichoma. Siku hizi sichomeki kitu cha mtu bila kumuuliza mwenyewe, hata kiwe kitupu. Na kila msaragambo napanda Suji, viganja vimeota sugu, posa bado haijajibiwa. Nikifika namwamkia mzee, shikamoo baba. "Marahaba," anaitika. Nasimama kidogo kusubiri lile neno la pili, haliji, basi nachukua jembe.