Kikohozi cha Baba Mkwe

Tangu nianze kuandika vichekesho katika gazeti hili jipya, bila jina, nimekuwa nikitafuta hata mtu mmoja anayenisoma. Juzi nilimpata dukani, hapa kijijini Ngonga, nikatamani nisingempata.

Nilikuwa nanunua sabuni, mtoto mgongoni, mara namwona baba mkwe anakuja. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, basi nikakimbilia nyuma ya magunia ya mpunga, nikachuchumaa. Mzee akaketi, akamwambia mwenye duka, "Nisomee yule mwendawazimu wetu wa kila wiki."

Nikazidi kujikunyata, maana wiki hiyo nilikuwa nimeandika juu ya mzee anayekohoa njiani kama honi ya basi la Mbeya ili wake za wanawe wapishe. Mwenye duka akasoma huku anacheka. Mzee hakucheka. Nikaanza kujiona narudishwa kwetu Makwale na kifurushi changu, na mtoto naye akapiga chafya.

"Una panya humu," mzee akasema.

"Tena wakubwa, baba," akajibu mwenye duka.

Fimbo yake ikagonga sakafu mpaka mlangoni. Hapo akakohoa, kikohozi kirefu, honi kabisa.

"Mwambie mwandishi basi limeondoka, atoke."

Ndiyo hivyo, nimepata msomaji, na siruhusiwi kumtazama.