Dawa Waliyoichoma Nyuma ya Kituo

Kabla ya ule utafiti, dawa ya watoto wenye SS tuliigawa kwa wembe. SS ndivyo tunavyouita ule ugonjwa wa damu unaowatesa watoto kwa maumivu ya mifupa. Kapsuli zilikuwa za watu wazima. Mimi, muuguzi wa kituo kidogo cha afya huko Kabondo, nilizifungua, nikamwaga unga kwenye sahani, nikaukata mafungu manne kwa kukadiria tu. Fungu likizidi, damu ya mtoto inadhoofika. Likipungua, maumivu yanarudi. Nilifanya hivyo miaka sita.

Ndipo akaja daktari mmoja kutoka Kinshasa na tembe mpya. Watafiti walikuwa wameiunda kwa ajili ya watoto: ndogo, inayeyuka katika kijiko cha maji, ina ladha ya chungwa, na kipimo chake kinafuata uzito wa mtoto. Nikaombwa niwashawishi akina mama wakubali ijaribiwe. Nikawashawishi.

Wa kwanza kukubali alikuwa mama mmoja kutoka kijiji cha Yanonge, anayeuza samaki wa kukaushwa katika soko la Makiso. Binti yake wa miaka minne alikuwa amelazwa mara tano ndani ya mwaka mmoja. Mama huyo aliuliza jambo moja tu: utafiti ukiisha, dawa itaendelea? Nilimfikishia daktari swali hilo, naye akasema wanalishughulikia. Mimi nikamwambia mama yule kwamba ndiyo, itaendelea. Neno hilo lilikuwa langu. Hakuna aliyenituma.

Mwaka ule mzima binti alilazwa mara moja tu. Akaanza shule, akawa anarudi na vumbi magotini kama wenzake.

Kisha daktari akatukusanya, akatangaza kwamba utafiti umefaulu kuliko walivyotarajia. Tukapiga makofi. Makofi hayajaisha, akasema maboksi yaliyobaki yatachomwa moto.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba awaachie watoto japo ya miezi michache. Akanieleza kwa upole kwamba dawa haijaandikishwa nchini, kwa hiyo nje ya utafiti hakuna mwenye ruhusa ya kuitoa. Nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo siku ya kwanza.

“Mama, hiyo iko kanuni,” akasema. “Si mimi niliiandika.”

Kanuni hiyo yeye aliijua tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuijua.

Tuliichoma nyuma ya kituo, saa nne asubuhi, na moshi ulinukia chungwa. Nikaletewa karatasi nitie sahihi kama shahidi. Chini ya sahihi nikaandika: nimeona, na sikubali. Alikasirika, akasema nimeharibu hati. Kilichomuuma ni hati.

Mama wa Yanonge alipokuja kuchukua dawa, nilimweleza yote, pamoja na ahadi niliyojitungia mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, binti yake ameshika kitenge chake.

“Mulisema dawa iko ya batoto betu,” akasema. “Sasa iko ya batoto ya nani?”

Nasikia tembe ile inauzwa sasa katika nchi za mbali, na hapa haijafika.

Akina mama nami tuliwaandikia watafiti barua. Jibu lilikuja, limejaa shukrani, bila tembe hata moja. Nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi kwa profesa mmoja mzee wa famasia, nikamwaga hasira yangu yote mezani kwake. Alitoa mizani ya maabara, na tangu siku hiyo kila Jumamosi anapima unga wa kapsuli, anaufunga katika karatasi kwa uzito wa kila mtoto. Wembe nimeuacha. Lakini unga ni mchungu, watoto wanautapika, na msimu huu wa mvua binti wa yule mama wa Yanonge amelazwa tena mara mbili.

Jumamosi iliyopita alinitemea dawa yote kwenye blauzi. Mama yake alitaka kumkaripia. Nikamzuia, nikafungua karatasi nyingine.