Ghula wa Tamusi

Mama yangu, Mastura, hakuzaliwa Siwa, mji wetu wa chemchemi katikati ya jangwa la Misri. Alikuwa Mbedui wa pwani, mtu wa mahema na kondoo, na baba yangu Okasha alimleta huku kwenye mitende akiwa msichana. Kisiwi chetu alikiokoteza tu, na alipokosea alijicheka kabla hajachekwa. Nilikuwa na miaka sita baba alipoanguka kutoka juu ya mtende akafa. Siku hiyohiyo wanawake walimvua mama mapambo yake ya fedha, wakamvika nguo nyeupe, wakamwingiza chumba cha nyuma akae eda miezi minne na siku kumi. Wakaanza kumwita ghula.

Kwetu ghula ndilo jina la mjane aliye edani. Wanasema kifo cha mumewe kimo machoni mwake, na wa kwanza kutazamana naye kinampata. Lakini kwa Mabedui ghula ni zimwi la jangwani lenye kwato za punda, linalomwita msafiri kwa jina lake. Mama alipojisikia anaitwa hivyo aliangua kicheko katikati ya msiba.

"Wifi, hebu njoo unikague miguu," alimwambia shangazi Hasina akiwa nyuma ya mlango. "Kwato zimeshaota?"

"Usicheze na neno hilo, Mastura. Tulia huko."

"Nikitoka naanza na mashavu ya Nuwara. Yamenona hayo!"

Nuwara ndiye mimi. Nilicheka mpaka kwikwi, upande huu wa ukuta.

Mwezi wa tatu wa eda joto lilimzidi, akafungua kidirisha. Uani alisimama mwanapunda wa shangazi, mwenye siku tisa. Mama alimtazama, akamsemesha kama anavyosemeshwa mtoto. Alasiri mwanapunda alikuwa amekufa, maziwa bado yako mdomoni. Mama aliziba kidirisha kwa blanketi, na nilipomwita hakuitika tena. Nilisikia kucha tu, zikikwaruza ukuta wa udongo wa chumvi polepole, kutwa nzima.

Eda ilipokwisha, mpiga mbiu alizunguka mji. "Enyi watu, kesho asubuhi ghula anashuka chemchemi ya Tamusi kuoga! Atakayekutwa njiani asimlaumu mtu!" Ndivyo ilivyokuwa desturi. Kila mtu hujifungia ndani mpaka mjane aoge chemchemini na shari imtoke. Shangazi alinifungia chumbani, nami nikatoroka kupitia darini. Miezi minne sikuwa nimeuona uso wa mama, na sikutaka mwingine auone kabla yangu.

Mji ulikuwa kimya kama umehamwa. Nilisimama kati ya mizeituni, kando ya njia ya chemchemini. Akaja peke yake na nguo zake nyeupe, kichwa chini, akiburuza miguu kwa mwendo ambao haukuwa wake. Niliogopa, lakini nikaita, "Mama!"

Akainua uso. Tukatazamana, labda kwa pumzi moja. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa kiumbe yeyote, akaziba macho kwa viganja, akakimbilia chemchemini akijigonga kwenye miti.

Sikufa. Hata mafua sikupata. Lakini mama aliendelea kusubiri. Alinisuka akiwa nyuma yangu, alinilisha macho yakiwa kwenye sahani, na siku ya harusi yangu alinibariki nimempa mgongo.

"Mama, nina watoto watatu sasa," nilimwambia. "Nitazame. Mimi mzima."

"Mzima kwa sababu sikutazami, mwanangu."

Mwalimu mmoja wa Kairo aliyepanga kwetu alinieleza kwamba neno ghula limetembea sana. Kwa Kiarabu asili yake ni kumnyakua mtu asipotarajia. Waajemi wakaliita jitu, Wazungu wakalifanya mla maiti, na watazama nyota wakalipa kichwa mbinguni, nyota inayofifia na kuwaka tena. Alieleza kwa furaha kubwa, nami nilimchukia siku nzima. Wenzetu wote walilipachika kwenye kitu cha kubuni. Sisi tulimpachika mama yangu.

Alikufa wakati wa kuvuna zeituni. Nilimkuta mwoshaji ameshaanza kazi. Macho ya mama yalikuwa wazi, ya rangi ya asali, na la kushoto lilikuwa na doa la kijani ambalo sikuwahi kulijua. Niliinama juu yake, uso kwa uso.

"Mfumbe macho, Nuwara," mwoshaji akasema. "Maji yanapoa."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Ananitazama."