Jina la Mwanamme Mkononi mwa Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, alifia nyumbani kwake Al Amerat, pembeni mwa Muscat, na waliomuosha walikuwa wanawake watatu wa mtaa ule. Mimi nilikaa mlangoni nikiwapokeza maji na sanda. Katikati ya kazi mmoja wao akatoka, ameshika kitu ndani ya pamba kwa ncha za vidole.

"Hii ilikuwa mkononi, imetutaabisha kuitoa," alisema. "Ina maandishi. Isije ikawa hirizi."

Niliitambua. Ilikuwa bangili ya shaba, pana kama kidole, iliyo wazi upande mmoja. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa naiona ikichungulia kwenye mkono wa buibui lake, na kila nilipomuuliza alinambia ni ya baridi yabisi, shaba inatuliza mifupa. Sikupata hata siku moja kuigeuza. Siku ile niliigeuza. Kwenye sehemu ambayo yeye alikuwa akiilaza chini, upande wa kiganja, palichongwa kwa herufi za Kizungu cheo cha kijeshi, jina la mwanamme, na tarehe ya miaka mingi kabla mimi sijazaliwa.

Mama mkubwa hakuolewa. Alisoma uuguzi Marekani, akafanya kazi huko miaka kadhaa, kisha akaja Muscat kuungana na sisi wengine tuliotoka Unguja. Posa zilikuja, akazikataa zote bila kutoa sababu. Kwa hiyo siku ya pili ya matanga khabari ya bangili ilikuwa imeshaenea miongoni mwa wanawake waliokuja kutupa mkono wa pole. Hakuna aliyesema kitu mbele yangu, ila niliona vichwa vikisogeleana na vikombe vya kahawa vikisimama hewani kila nilipopita. Nami, Mungu anisamehe, nilifikiri kama wao: kumbe alikuwa na mtu.

Nilimpelekea mama ile bangili nyumbani kwake Al Khoudh. Aliitazama mara moja tu, akaisukuma.

"Kaitupe."

"Unamjua huyu mtu, mama?"

"Mie nnamjulia wapi Mzungu? Kaitupe, n'shakwambia."

Mama yangu hatupi hata mfuko wa plastiki. Kuniambia nitupe shaba nzima kulinitia shaka zaidi kuliko lile jina lenyewe. Nikaitia kwenye mkoba nikarudi nayo kwangu Bawshar.

Wiki ile ile nilikaa na kompyuta, nikaandika cheo, jina na tarehe. Haikuchukua muda. Alikuwa rubani wa kijeshi aliyekamatwa mateka katika vita vya Vietnam, na tarehe ile ilikuwa siku aliyotekwa. Nikasoma kwamba zamani zile watu wa Marekani walikuwa wakivaa bangili zenye majina ya mateka, kila mtu na mateka wake, wengi wao wakiwa hawajuani hata kwa sura. Sharti lilikuwa moja: unaivaa mpaka mwenye jina arudi kwao, kisha unamrudishia yeye au jamaa zake. Huyu wa mama mkubwa alikuwa kwenye orodha ya waliorudi hai. Alirudi, na yule aliyevaa jina lake hakuivua wala hakuirudisha. Kwa nini?

Palikuwa na ukurasa mtandaoni ambapo watu hutangaza bangili walizonazo ili wenyewe wapatikane. Nikaandika kwamba nipo Muscat, nna bangili ya fulani, naitafuta familia yake. Jina lililochongwa lilikuwa na herufi moja iliyorudiwa mara mbili, wakati kwenye orodha ilikuwa moja tu. Nikadhani ni kosa la mchongaji, na katika tangazo nikaliandika kama lilivyo kwenye orodha. Picha sikuweka.

Kesho yake nilipata jawabu la mtu aliyesema ni mtoto wa kiume wa yule rubani. Maneno yake yalikuwa asali. Aliniita dada. Alisema baba yake yuko mahututi na bangili ile itamfariji kabla hajafumba macho, nami nifanye haraka. Nilitokwa na machozi mbele ya simu. Nilikuwa nimeshanunua bahasha nene aliponitumia anwani, nikaona ni ya duka la vitu vya kale. Nilipomuuliza, alisema duka ni la rafiki yake, nyumbani kwao hakuna mtu wa kupokea mzigo. Huenda ni kweli, nilijiambia. Lakini sikuifunga bahasha.

Siku tatu baadaye akaniandikia mwanamke. Huyu hakunisalimu.

"Wewe ni nani? Umempata wapi baba yangu? Hatununui vitu hivi, na ukimtafuta yeye moja kwa moja nitakwenda polisi."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mimi ndiye ninayetaka kutoa, halafu nifanywe mwizi! Nikamjibu kwamba siuzi kitu, na kwamba kaka yake ameshanitafuta kwa adabu kuliko yeye.

"Sina kaka," aliandika. "Tumezaliwa wasichana wawili."

Nikabaki na watu wawili, kila mmoja akidai baba mmoja. Yule mwanamke akaniuliza swali: "Jina limeandikwaje kwenye bangili yenyewe? Nitajie herufi moja moja." Sikumjibu. Nilimgeuzia swali hilo hilo yule aliyejiita mtoto wa kiume. Akajibu papo hapo: limeandikwa kama ulivyoandika wewe, dada yangu, jina la baba yetu ni hilo hilo. Nikamrudia mwanamke, nikamwambia atangulie yeye.

"Kama ni ya kweli," aliandika, "kuna herufi iliyozidi. Jeshini waliliandika kwa makosa, na bangili zote za baba zimetoka na kosa hilo."

Yule wa asali nilimwambia bangili imeshapata mwenyewe. Hakuandika tena.

Mwanamke alitaka tuonane kwa simu ya video. Nilimkuta mtu wa makamo, miwani kichwani, uso umekaza. Alinitaka niiweke bangili karibu na kamera, niigeuze, niishike karibu na uso wangu. Nilifanya yote kama mtu anayekaguliwa uwanja wa ndege. Hatimaye akaridhika, nikamweleza kwamba mama yangu mkubwa amefariki nayo mkononi.

"Naomba unielewe," alisema. "Watu wametuchezea sana. Wengine hudai baba awape picha na saini, wengine hutaka awasimulie alivyopigwa. Lakini hebu niambie, mwanamke wa Oman alikuwa na nini na baba yangu?"

"Sijui," nilisema, na ilikuwa kweli.

"Baba alirudi. Magazeti yote yaliandika. Mbona hakuileta?"

Niliona wazi kwamba anafikiri nilivyofikiri mimi siku ya matanga. Mtu na mtu wake. Labda alikuwa akimuwazia mama yake mzazi.

Nikaenda Al Khoudh baada ya Alasiri. Mama alikuwa amekaa kitandani akipanga vidonge vyake vya wiki kwenye kijaluba. Nilimweleza yote, rubani, tapeli, na mwanamke wa simu ya video. Alinisikiliza bila kuinua uso. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako."

Nilimpa. Akatoka nayo pamoja na yake, nikamsikia anafungua kabati la vyombo jikoni na kulifunga. Alirudi akarudisha mlango wa chumba. Tuko Muscat zaidi ya miaka arubaini, na bado mama anaamini kuna mtu anasikiliza.

"Sisi tulikuwa na kaka yetu," alisema.

Hilo nilikuwa nikilijua kwa juu juu. Nilijua kuna mjomba aliyekufa Unguja baada ya Mapinduzi. Sikujua kwamba hakuna aliyeiona maiti yake.

"Walikuja asubuhi, watu wanne, wawili tunawajua. Wakasema wanataka kumuuliza maneno mawili matatu. Akavaa kanzu yake, akachukua na ufunguo wa nyumba, kasema akirudi asitusumbue kumfungulia. Ndiyo mwisho. Tulikwenda kuuliza, tukaambiwa hayumo kwenye daftari. Tukaambiwa tukiuliza tena tutamfuata. Tukanyamaza. Hata hitima hatukumsomea, maana ungesomaje hitima ya mtu ambaye hukwambiwa kafa?"

Vidonge vilikuwa vimemmwagikia mapajani. Aliviokota kimoja kimoja.

"Dadangu alipokwenda kusoma kule, aliwakuta wasichana wa chuoni wanauza bangili za wafungwa wao. Akawaomba wamtengenezee moja ya kaka. Wakamwambia hizi ni za askari wetu tu. Basi akakaa na lile sanduku lao, akazipindua zote, mpaka akapata yenye siku na mwezi wa kaka. Mwaka mbali, lakini siku ndiyo hiyo hiyo aliyochukuliwa. Akaivaa."

"Na mwenyewe aliporudi?"

"Alimuona gazetini anashuka kwenye ndege. Alinambia alifurahi kama karudi wa kwetu. Lakini kuivua hakuweza. Akasema, nikimvua huyu nitakuwa n'shamvua na yule."

Nikamuuliza kwa nini aliniambia niitupe. Alinitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nlijua utauliza. Na ukishauliza, utasema. Haya, niachie niitazame."

Nikamwachia. Siku zikapita, kila nikimpigia simu alisema bado anaitazama. Nikaanza kumshuku mama yangu mwenyewe kwamba ameificha, au ameifukia uani. Yule mwanamke naye akaandika, kwa ule ubaridi wake wa mwanzo: kumetokea nini? Niliona aibu kumwambia kwamba bibi wa miaka themanini na ushei hataki kuitoa. Mwishowe nikamwambia kila kitu kuhusu kaka yao, isipokuwa jina, kwa sababu mama alikuwa amenikataza. Kesho yake akaandika kwamba baba yake anataka kuzungumza nasi.

Alikuwa mzee mwembamba, amefunikwa blanketi magotini. Mama alijifunika mtandio mpaka kwenye nyusi na akakaa mbali na simu, akimkagua.

"Muulize mama yako," alisema mzee, "kama angependa ibaki kwenu. Mimi ninazo nyingi, na hii kaivaa mwenzangu miaka hamsini. Ni yake."

Nilimfasiria mama.

"Mwambie jina ni lake yeye. Jina la mtu halikai kwa watu wengine wakati mwenyewe yuhai. Mwambie atuombee kwa dini yake, na sie tutamuombea kwa yetu."

Mzee alipofasiriwa alifunika macho kwa mkono, na binti yake akaisogeza simu pembeni. Mama alikwenda chumbani akaitoa bangili ndani ya foronya ya mto. Alikuwa ameisugua kwa ndimu mpaka shaba ikang'aa.

Karani wa ofisi ya vifurushi aliipindua mara tatu, akaniuliza kama ni dhahabu, kama ni ya kale, kama nna kibali. Niliandika kwenye fomu: bangili ya shaba, haina thamani ya biashara. Ilifika baada ya siku kumi na moja. Binti aliniletea picha ya kiganja cha baba yake, na bangili imo ndani.

Ijumaa iliyofuata nilimpeleka mama Al Amerat kugawa nguo za marehemu. Tulipokuwa tunapanda mlima kwa gari, bila kuulizwa, na simu zote mbili zikiwa mbele yetu, akalitaja jina la kaka yake.

"Alikuwa mlafi wa halua," alisema. "Akila kwa siri jikoni, kisha anamsingizia paka. Na paka hatuna."

Akacheka, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akanambia niangalie njia.