Mguu wa Mama, Petroli ya Baba

Ilianza Jumapili, saa nne asubuhi, mwaka 1992, kwenye mlima wa kutoka Kimisagara kurudi kwetu Nyamirambo. Mama alikuwa kwenye usukani, baba pembeni yake, mimi nyuma. Mama akakanyaga mafuta tupande. Gari likasita kidogo, kama mtu aliyeitwa akajifanya hasikii, halafu likajivuta, likakohoa moshi mweusi, likazimika. Vijana waliokaa kando ya barabara wakashangilia.

"Mama, gari iko inaomba chai!"

"Mzee, shuka usukume!"

Baba akamgeukia mama. "Mguu wako huo! Unakanyaga gari kama cherehani. Perimi ya kuendesha walikupa ya nini?"

Gari lilipowaka tena tukafika nyumbani, baba alitia funguo kwenye koti lake. "Kuanzia leo naendesha mimi peke yangu. Basi."

Mama alikaa akachambua maharage. Kila Jumatatu alipeleka vitenge sokoni kwa gari lile. Kichwani angebeba kiasi gani? Biashara yake ilikuwa imeuawa kwa maneno mawili, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimefunga mdomo, kama kawaida yangu.

Alasiri baba alinichukua twende kununua nyuzi. Mlimani, gari likamfanyia yeye vile vile: akakanyaga, likangoja, likakohoa. Baba akasonya.

"Petroli ya siku hizi! Tangu vita ianze wanachanganya na maji."

Hapo damu ilinichemka. Mama akiendesha, kosa ni la mguu. Yeye akiendesha, kosa ni la petroli. Na tangi ni lile lile!

Nikaanza kufikiri, kwa hasira tu. Kwenye tambarare, akikanyaga polepole, gari lilikwenda vizuri. Lilikataa pale alipotaka nguvu kwa ghafla. Na ule moshi mweusi? Kandili ukiiziba juu, ikikosa hewa, inatoa masizi. Hewa ya injini inapita wapi? Kwenye filta. Na filta ya gari letu ilikuwa imevaa nguo.

Baba ni fundi cherehani, na nyumbani kwetu kila kitu kilivaa: redio, chupa ya chai, viti vya wageni. Kiangazi kile aliishonea hata filta ya hewa nguo yake, kitambaa kizito cha makoti, tabaka mbili, ili vumbi jekundu lisiingie kwenye injini. Majirani walikuja kuangalia, wakamsifu. Gari lilianza kuchoka baada ya hapo, ila hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mguu wa mama ulikuwa rahisi zaidi kulaumu.

Asubuhi yake, baba alipokwenda msikitini, nilitoa funguo kwenye koti alilolitundika, nikamwita mama uani.

"Wewe mtoto, leo utanitoa roho," akasema. Lakini alikuja.

Nilifungua boneti, nikalegeza kifuniko cha filta, nikaivua ile nguo. Ilikuwa imegandamana kwa vumbi na mafuta, ngumu kama ganda. Filta yenyewe nikairudisha.

"Washa, Mama. Sasa kanyaga kwa ghafla."

Injini ikaitika palepale. Akakanyaga tena, akacheka peke yake. Tulipakia vitenge, akaondoka, akapanda mtaa wetu bila gari kusita hata kidogo.

Baba akarudi akakuta uwanja mtupu. "Gari iko wapi?"

"Mama ameenda nayo sokoni. Ilikuwa inakosa hewa, Baba. Siyo mguu wake." Mara hii nilisema mpaka mwisho. Nikampa ile nguo.

Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Na vumbi je?"

Hilo tu. Juu ya mama, hata neno moja.

Nikamwambia hilo amuulize dereva akirudi kutoka sokoni. Nikanawa mikono, nikachukua mkoba, nikaenda shule.